Fatty Finn na Beberu Hector: jinsi filamu bubu ya Sydney ilivyomjenga mnyonge

Mwongozaji Tal Ordell alikuwa na hadithi ambayo lazima iishie kwenye mbio za mbuzi, naye aliishi katika jimbo ambalo mbio za mbuzi zilikuwa marufuku. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Sydney tupu: watoto wa Sydney, mitaa ya Sydney, wahusika waliotoka kwenye katuni ya gazeti la Jumapili la Sydney. Lakini sheria ya New South Wales haikuruhusu watoto wapande vigari vinavyokokotwa na mabeberu na kushindana mbele ya watu. Mbio hizo zikapigwa picha Rockhampton, Queensland, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, ambako mchezo ulikuwa halali na ulipendwa. Halafu zikaunganishwa na picha za Sydney, na mtazamaji anayeangalia leo haoni mshono.

Filamu hiyo ni The Kid Stakes ya mwaka 1927. Ni bubu, ni ya vichekesho, na kwa maoni yangu hakuna filamu nyingine ya Australia ya enzi ile inayotufundisha vizuri zaidi namna mnyonge anavyojengwa kwenye skrini. Nasema anavyojengwa kwa sababu ni kazi ya mikono. Watu hudhani Charlie Chaplin alipendwa dunia nzima kwa kuwa alicheza maskini anayeonewa. Maskini wanaoonewa walijaa kwenye filamu za machozi za miaka ile, na wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Waliobaki ni wale waliotufanya tuwafuatilie. Mtu anayehurumiwa tunamtazama mara moja na kuinamisha macho. Mtu anayejaribu kupita mahali pasipopitika hatuwezi kuacha kumtazama.

Harold Lloyd alilijua hilo vizuri. Katika Safety Last! ya mwaka 1923, kijana muuza duka anapanda ukuta wa ghorofa na kuishia akining'inia kwenye saa kubwa. Sehemu za ukuta huo zilijengwa juu ya mapaa ya majengo halisi ya Los Angeles, ili kamera ione barabara, magari na watu chini kabisa nyuma ya mabega yake. Mwili na hatari viko ndani ya shoti moja. Buster Keaton alifanya vivyo hivyo mwaka 1928 katika Steamboat Bill, Jr., ukuta mzima wa mbele wa nyumba unapomwangukia naye akasalimika kwa kuwa amesimama hasa pale linapoangukia tundu la dirisha. Angekata shoti hiyo vipande viwili, ukuta huku na mtu kule, kicheko kingekufa hapo hapo, maana mtazamaji angenusa udanganyifu. Kanuni ya kwanza ya vichekesho vya mwili ni hiyo: onyesha mtu na tatizo lake kwa pamoja, onyesha kuanzia kichwa hadi miguu, na usikate mpaka jambo liishe.

Ordell hakuwa na fedha za Hollywood, wala ghorofa la kupanda. Alichokuwa nacho ni Woolloomooloo.

Anayeijua Sydney anajua maana yake. Woolloomooloo ni bonde dogo kando ya bandari, mashariki kidogo tu ya katikati ya mji. Miaka ya 1920 lilikuwa makazi ya makuli wa bandari na mabaharia, nyumba za safu zilizobanana, vichochoro, na lile gati refu la mbao lililokamilika mwaka 1915, ambako sufu ilipakiwa kwenda ng'ambo na ambako askari walipanda meli kwenda Vita Kuu ya Kwanza. Juu yake, kwenye ukingo wa mwamba, iko Potts Point, mtaa wa majumba na bustani za matajiri. Kutoka bondeni hadi juu ni mwendo wa dakika chache tu, lakini ni wa kupanda. Ngazi za McElhone, zenye vidato 113, zinaunganisha mitaa hiyo miwili mpaka leo, na anayezipanda kwa haraka anajua mapafu yake yana hali gani.

Mwongozaji akipata mahali kama hapo, nusu ya kazi imeshafanyika. Hahitaji maandishi ya kutuambia nani ni tajiri na nani ni maskini. Anaweka kamera bondeni, kisha juu, na macho yanaelewa. Fatty Finn na genge lake wanacheza kriketi barabarani kule chini. Hector, beberu wa Fatty, anaandaliwa kwa mashindano makubwa ya mbuzi. Bruiser Murphy, mbabe wa mtaa na mpinzani wa Fatty, anamfungulia Hector kabla ya mbio ili asishiriki. Beberu anazurura mpaka anaingia kwenye bustani ya tajiri wa Potts Point na kuanza kula maua. Sasa mtoto wa miaka sita hana budi kwenda mahali ambapo hatakiwi, kumtafuta mnyama asiyesikia amri, huku muda ukimkimbia. Hakuna mtu aliyemwonea kwa maneno hata mara moja, hakuna machozi ya mama kitandani, na bado tumekwisha kuwa upande wake.

Kijana aliyemcheza Fatty alikuwa mtoto wa Ordell mwenyewe, Robin, aliyejulikana kama "Pop", na umri wake wakati huo ulikuwa miaka sita. Hapa ndipo ububu wa sinema ulipogeuka kuwa nguvu. Kwa kuwa hakukuwa na maikrofoni, mwongozaji wa enzi ile aliweza kusimama pembeni mwa kamera na kuongea muda wote shoti inapoendelea: geuka sasa, mtazame rafiki yako, kimbia, simama, cheka. Mwigizaji mzima hahitaji hayo. Mtoto wa miaka sita anayahitaji sana, na yakitoka kwa baba yake anayatii bila kugeuka kuitazama kamera. Sauti ilipoingia kwenye sinema, mlango huo ulifungwa. Watoto wakaanza kukariri mistari, na ukitazama filamu nyingi za mwanzo wa miaka ya 1930 unaona watoto waliokauka kama wanasoma ubaoni. Watoto wa The Kid Stakes wanacheza kama wanavyocheza watoto. Wanasukumana, wanagombea zamu ya kupiga mpira, wanasahau kwamba wanatazamwa.

Mbuzi ni habari nyingine. Beberu hafundishwi kuigiza. Hushawishiwa kwa chakula, hungojewa, na mkanda hupotea mwingi. Uso wake hauonyeshi furaha wala hasira. Hata hivyo Hector ni mhusika kamili katika filamu hii, na ufundi wake uko kwenye mkasi wa mhariri. Warusi wa miaka hiyo hiyo ya 1920, Lev Kuleshov akiwa wa mbele, walikuwa wakifundisha kwamba uso usiosema kitu hupata maana kutokana na picha inayoutangulia na inayoufuata. Onyesha maua mazuri, onyesha mbuzi, onyesha mwenye bustani: papo hapo mbuzi amekuwa mwasi. Onyesha mtoto anayehangaika, onyesha mbuzi yule yule akitafuna: sasa ni mkaidi asiyejua thamani yake. Keaton alijenga jina lake lote juu ya siri hiyo, uso mkavu unaojazwa na akili ya mtazamaji. Beberu wa Sydney alizaliwa nao.

Aliyeshika kamera ni Arthur Higgins, na jina hili lisipite hivi hivi. Higgins ndiye aliyepiga The Sentimental Bloke ya Raymond Longford, iliyotoka mwaka 1919, filamu nyingine kubwa ya watu wadogo iliyopigwa Woolloomooloo. Shairi la C. J. Dennis lililozaa filamu ile lilikuwa la Melbourne. Longford na mshirika wake Lottie Lyell walilihamishia Sydney. Kwa hiyo Ordell alipofika kwenye vichochoro vile miaka minane baadaye, mpiga picha wake alikwisha kuvijua. Alijua ukuta upi unarudisha mwanga, na saa ngapi jua linaingia baina ya nyumba. Filamu za wakati huo zilitegemea jua kwa kiasi kikubwa, hivyo mtu anayejua kivuli cha mtaa ni mali kubwa. Ordell naye hakuwa mgeni kwa Higgins: alikuwa amecheza Dave katika On Our Selection ya Longford mwaka 1920, kamera ikiwa mikononi mwa Higgins huyo huyo. Namsikia Longford katika utulivu wa shoti za mtaani za The Kid Stakes. Haziharakishwi. Mtaa unapewa nafasi ya kupumua kabla ya fujo kuanza.

Kuhusu fujo, kuna jambo la kasi ambalo mara nyingi halielezwi vizuri. Kamera za enzi ile zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha akizungusha polepole, tuseme fremu 12 kwa sekunde, na mkanda ukaonyeshwa kwa fremu 18, mwendo wa sekunde 3 unakwisha kwa sekunde 2. Ndiyo maana polisi wa vichekesho vya Mack Sennett wanaonekana kukimbia kama wamewashiwa moto miguuni. Lakini kasi hiyo ni kama pilipili, na waliokuwa na kipaji waliipima. Ukiharakisha kila kitu, uzito wa mwili unapotea, na mwili usio na uzito hauumii, na asiyeumia hatumhofii. Watoto wana faida nyingine tena: mwendo wao wa kawaida tayari ni wa haraka na wa kukatika katika. Mpiga picha hahitaji kuwaongezea mengi.

Wahusika hawa walitoka kwenye karatasi. Gazeti la Sunday Sun lilikuwa limepata mafanikio makubwa na Ginger Meggs wa Jimmy Bancks, aliyeanza mwaka 1921. Mshindani wake, Sunday News, akamwita Syd Nicholls atengeneze mtoto wa kushindana naye. Mwaka 1923 Nicholls akaleta mtoto mnene aliyekuwa shabaha ya mizaha ya wenzake. Kila wiki alidhihakiwa. Mwaka 1924 Nicholls akabadilisha jina la katuni kuwa Fatty Finn, na ndani yake akabadilisha kitu kikubwa zaidi: yule aliyekuwa akichekwa akawa kiongozi wa genge, mwenye mipango na ujanja. Tukitaka kuona tofauti baina ya kumcheka mnyonge na kucheka pamoja naye, hiyo hapo, imefanywa na mchoraji mmoja, kwa mtoto mmoja, ndani ya mwaka mmoja hivi. Ordell alimchukua Fatty wa pili. Nicholls mwenyewe anaonekana mwanzoni mwa filamu, kalamu mkononi, na watoto wa wino wanageuka kuwa watoto wa nyama.

Hatua hiyo ya kutoka mchoro kwenda picha haikuwa rahisi kama inavyoonekana. Mchoraji wa katuni anachagua kisanduku kimoja, tukio moja, na msomaji anajaza kilichopita katikati. Kamera haipewi hisani hiyo; lazima ionyeshe mtoto alivyofika pale. Ordell alilitatua kwa kuwapa watoto shughuli. Karibu kila mara kuna mtu anafanya kitu kwa mikono: anapiga mpira, anamtunza mbuzi, anapanda, anavuta. Mpango wa Fatty unaonekana kwenye misuli yake. Hii ndiyo sababu filamu inaeleweka hata ukiondoa vibao vyote vya maandishi.

Sasa turudi kwenye ule mshono wa Rockhampton. Hector amepatikana, mbio zinakaribia kuanza, na muda hautoshi kufika kwa miguu. Fatty anapata msaada wa rubani, na beberu anapelekwa kwenye mbio kwa ndege. Kwa upande wa hadithi ni kilele cha furaha: mtoto wa bondeni, ambaye ngazi 113 ni mlima kwake, sasa yuko juu hata ya Potts Point. Lakini tazama kazi nyingine inayofanywa na ndege hiyo. Mtazamaji anapomwona mtu akiruka angani, yuko tayari kukubali kwamba atatua mahali pasipofanana na alikotoka. Ardhi tambarare ya Queensland, mwanga wake mkali, umati mwingine, vyote vinapokelewa bila swali. Kama ilikusudiwa au la, suluhisho la Fatty ni suluhisho la mhariri pia. Sijaona mfano safi kuliko huu wa tatizo la lokesheni kumezwa na hadithi yenyewe.

Na mbio zenyewe zina uhai kwa sababu ni za kweli. Rockhampton haikulazimika kuigiza mashindano ya mbuzi, ilikuwa inayaendesha. Mabeberu wanavuta vigari, watoto wamekaa nyuma yao, na hakuna anayeweza kuahidi ni mnyama gani atageuka kando na kugoma. Wasiwasi huo wa kweli unapenya kwenye mkanda. Mwaka 1925 Hollywood ilikuwa imetoa Ben-Hur na mbio zake za magari ya farasi, zilizotumia kamera nyingi na fedha zisizohesabika. Mbio za Fatty Finn ni ndugu yake mdogo asiye na viatu, na kwangu zina mvuto wa namna yake, kwa kuwa kinachogombewa ni heshima ya mtaa mbele ya mbabe mmoja tu, jambo ambalo kila aliyewahi kuwa mtoto analielewa.

Kuna sehemu inayolegea. Kisa cha wapenzi wawili watu wazima wanaotaka kutoroka waoane kimeingizwa, naona, ili wakubwa ukumbini nao wapate chao. Kila kinapoingia, kamera inarudi kwenye mazoea ya jukwaa: watu wanasimama, wanatazamana, tunasoma kibao. Ordell alikulia kwenye jukwaa, na jukwaa linamrudia hapo. Ningekikata kwa nusu. Lakini kinamalizika haraka, na watoto wanarudi.

Filamu haikupata maisha marefu kwenye kumbi. Sinema nyingi mno zilizoonyeshwa Australia wakati huo zilitoka Marekani, kiasi kwamba mwaka huo huo wa 1927 serikali ya shirikisho iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza biashara ya filamu. Halafu, mwishoni mwa Desemba 1928, The Jazz Singer ikaonyeshwa Sydney, na filamu bubu zikaanza kuitwa za kale kabla hata vumbi halijazishika. Ordell hakuongoza filamu nyingine ndefu. Alifariki mwaka 1948. Wapenzi wa filamu wa miaka ya 1950 ndio walioirudisha kazi yake machoni pa watu. Leo hii iko kwenye hifadhi ya taifa ya filamu na sauti mjini Canberra, na Fatty Finn alirudi tena kwenye skrini mwaka 1980 katika filamu mpya yenye rangi na sauti.

Mtaa nao uliponea chupuchupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waendelezaji walitaka kuivunja Woolloomooloo na kuweka maghorofa. Chama cha vibarua wa ujenzi, kikiongozwa na watu kama Jack Mundey, kilikataa kubomoa. Mwaka 1973 kikaiwekea zuio, na mwaka 1975 serikali zikakubaliana kujenga na kukarabati nyumba za watu wa kipato cha chini pale pale. Ndiyo maana mtu anayeitazama The Kid Stakes leo anaweza kutoka, akatembea, na kuona bado umbo lile lile la bonde, ukuta wa mwamba na majumba ya juu. Vibarua waliokataa kushika nyundo waliokoa pia seti ya filamu.

Nimeandika haya kwa msomaji wa Kiswahili kwa sababu vichekesho vya mwili ni nyumbani kwetu. Zanzibar ilikuwa na jumba lake la sinema, Royal, tangu mwaka 1921, katika zama ambazo picha zilikuwa bado bubu na kila mtu, awe wa lugha gani, alicheka kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashid Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu. King Majuto wa Tanga alijua kuchekesha kwa mgongo na shingo kabla hajafungua mdomo, na Mzee Ojwang wa Vitimbi aliweza kuingia mlangoni tu na Kenya ikaangua kicheko. Vipaji havijawahi kupungua. Kinachopungua, kwenye kazi nyingi ninazoziona sasa, ni subira ya kumwonyesha mnyonge akifanya kazi. Anaonewa, analia, analalamika kwa sentensi ndefu, jirani anamfariji, sini inaisha. Hatujui ukuta wake una urefu gani wala ngazi zake zina vidato vingapi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoshika kamera Tandale, Kibera, Likoni na Ng'ambo. Mkimaliza kuhariri sini ya kuchekesha, zimeni sauti yote na mwonyesheni mtoto asiyeijua hadithi. Akiweza kuwaambia mhusika anataka nini, nini kinamzuia na anajaribu vipi, sini imekamilika. Asipoweza, rudini lokesheni mkaipige upya.